Maji ya Dodoma na akwariamu ya maji chumvi: nichague mashine gani ya kusafishia?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Ilazo, Dodoma. Nina akwariamu ya maji chumvi ya lita 90 yenye samaki klauni wawili, kamba mmoja na matumbawe laini machache. Maji ya bomba yanakuja kwa mgao, tunayahifadhi kwenye simtanki la lita 1,000 juu ya mnara wa mita 3. Kila siku naongeza kama lita 2 kufidia yanayokauka, na kila wiki nabadilisha lita 10. Maji hayo huwa nayachemsha, nayapoza na kuyaacha wazi usiku kucha. Chumvi natumia ile maalumu ya akwariamu. Pamoja na hayo, mawe yamejaa mwani wa kahawia na wa nyuzi za kijani, na kipimo cha naitreti kinasoma miligramu 80 kwa lita. Muuza duka mmoja ananishauri mashine ya RO (inayosukuma maji kwa presha kupitia utando unaozuia madini) ya maji ya kunywa, ile ya hatua tano inayoongeza madini mwishoni. Mwingine anasema kopo la rezini ya DI, zile chembe zinazonasa madini kwenye maji, peke yake linatosha. Jirani ananiambia ninunue tu maji ya chupa. Uwezo wangu si mkubwa. Nichague nini?

JIBU: Marahaba. Kwa tangi lako na maji yako, nunua RO yenye utando wa galoni 75 kwa siku, iwe na pampu yake ya kuongeza presha, na mwishoni iwe na kopo la rezini ya DI linaloweza kujazwa upya. Mashine ya kunywa inaweza kutumika, ila kwa kuibadilisha, nami nitaeleza namna. DI peke yake itakufilisi. Maji ya chupa yaache kwa siku ya dharura.

Lakini kitu cha kwanza kununua ni kipima TDS cha mkononi, kile kidogo kama kalamu kinachosoma jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji. Ni cha bei ndogo, na bila hicho hutajua mashine inafanya kazi au inakuchujia vumbi tu. Pima maji ya simtanki leo, pima tena siku maji mapya yanapoingia, na uandike namba zote mbili.

Maji ya bomba ya Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, upande wa Mzakwe, kaskazini mwa mji. Ni maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya miamba, kwa hiyo yamebeba kalsiamu, magnesiamu, bikaboneti, kloridi na silika. Ule ukoko mweupe ndani ya birika lako ndio ushahidi. Visima vilivyo katikati ya makazi yenye vyoo vingi vya shimo huongezea naitreti. Kwa binadamu maji hayo yanaweza kuwa hayana shida yoyote, na kwa kambale au perege yanafaa. Kwa tangi la maji chumvi hali ni tofauti, na sababu yake iko kwenye zile lita 2 za kila siku.

Kinachopanda hewani kutoka kwenye tangi ni maji matupu. Chumvi, naitreti, silika na fosfeti havipandi na mvuke, vyote vinabaki, na hivyo vitatu vya mwisho ndivyo vinavyolisha mwani. Sasa tuchukue mfano: maji yako yasome TDS 700 (yaani miligramu 700 kwa lita) na yawe na naitreti miligramu 40 kwa lita. Lita 2 kwa siku ni lita 60 kwa mwezi. Umeingiza gramu 42 za madini usiyoyajua, na miligramu 2,400 za naitreti. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, tangi lako lina maji kama lita 75, kwa hiyo naitreti imepanda miligramu 32 kwa lita kwa mwezi mmoja, kabla hujahesabu kinyesi cha samaki wala chakula. Ukibadilisha lita 10 kwa maji yale yale unapunguza kwa mkono mmoja na kuongeza kwa mwingine. Dodoma ni kavu, na kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo unapovuma na unyevu wa hewa ukishuka, maji hukauka zaidi. Ndiyo maana mtu wa Dodoma anahitaji maji safi mengi zaidi ya kuongezea kuliko mtu wa Tanga mwenye tangi la ukubwa huo huo.

Kuchemsha hakukusaidii hapa. Kunaua vijidudu, kunafukuza klorini na kuangusha sehemu ya chokaa chini ya sufuria. Naitreti, silika na kloridi vinabaki vyote, tena vinakolea kidogo kwa sababu sehemu ya maji imegeuka mvuke. Okoa gesi yako. Taa ya UV nayo inaua vijidudu tu, na dawa ya kuondoa klorini inaondoa klorini tu.

Nianze na ushauri wa DI peke yake, maana unavutia kwa urahisi wake: kopo moja, halina umeme, halimwagi maji. Rezini ya DI hubadilishana ayoni (chembe za madini zenye chaji) na maji hadi inashiba, na ikishiba imekwisha. Lita moja ya rezini nzuri ya mchanganyiko hubeba takriban gramu 27 za madini. Kwa maji ya TDS 700, lita hiyo moja itakupa lita zisizofika 40 za maji safi. Kopo la kawaida la inchi 10 huingia rezini kama lita 0.6, yaani ungebadilisha kila baada ya lita 23 hivi. Wewe unahitaji lita 100 kwa mwezi. Utando wa RO ukitangulia na kuondoa asilimia 97 hivi, rezini inapokea maji ya TDS 20, na lita ile ile moja kwa hesabu ya karatasi inafika lita zaidi ya 1,300. Utando unafanya kazi nzito, rezini inamalizia.

Mashine ya RO ya kunywa ni RO ya kweli, na ndiyo iliyo rahisi kupatikana. Tatizo liko baada ya utando. Inapeleka maji kwenye kitangi cha presha, halafu kwenye kaboni ya mwisho, halafu kwenye kopo la madini linalorudisha kalsiamu na magnesiamu ili maji yawe na ladha. Kwa akwariamu hiyo ni kulipa mara mbili: moja kutoa madini, nyingine kuyarudisha. Ukipata mashine hiyo kwa bei nzuri, chukua, kisha kata mpira unaotoka kwenye utando kabla ya kitangi, weka kiungo cha njia tatu na koki, na upeleke tawi hilo kwenye kopo la DI. Nyumbani wataendelea kunywa upande wao, wewe unachota upande wako. Hakikisha tu ina pampu ndani.

Hapo kwenye pampu sikubaliani na muuzaji yeyote atakayekuambia mnara wako unatosha. Mita 10 za kimo cha maji zinatoa bar 1, kwa hiyo mnara wa mita 3 unatoa bar 0.3, kama psi 4 (psi ni kipimo kingine cha presha). Maji yenye madini yenyewe yana msukumo wa kupinga kupita kwenye utando, takriban psi 1 kwa kila TDS 100. Maji ya TDS 700 yanapinga kwa psi 7. Psi 4 haziwezi kuzishinda psi 7. Utakaa siku nzima ukitazama mpira wa maji safi mkavu huku mpira wa kumwaga ukitiririka. Utando wa nyumbani hupimwa kiwandani kwa psi 50 hadi 60 na nyuzi joto 25. Chini ya psi 40 unazalisha kidogo na, kibaya zaidi, ubora unashuka. Chukua pampu ndogo ya diaframu ya volti 24, ile inayouzwa kwa ajili ya RO za galoni 50 hadi 100, na urekebishe ifike psi 70 hadi 80. Dai mashine yenye geji ya presha iliyofungwa kabla ya utando. Isipokuwepo, nunua geji pembeni na umwambie fundi bomba aifunge.

Kuna mtego mmoja wa mnara mfupi. Pampu nyingi za RO huja na suichi ya presha ndogo inayozuia pampu isizunguke kavu maji yakikatika. Suichi hizo nyingi haziruhusu umeme mpaka zione psi 5 hadi 10 upande wa kuingilia. Kwa psi 4 zako pampu haitawaka, na fundi atakuambia imeungua. Ama unganisha mashine baada ya pampu ya nyumba inayosukuma maji ya simtanki, kama ipo, ama badilisha suichi hiyo uweke ya boya ndani ya simtanki, inayokata umeme maji yakishuka chini ya robo. Usiiondoe suichi ukaacha hivyo hivyo. Kwa mgao wa maji, iko siku simtanki litakauka mashine ikiwa inafanya kazi.

Sasa mpangilio wenyewe. Maji yaanze kwenye filta ya tope ya mikroni 5, yaingie kwenye kaboni ya kipande kigumu ya mikroni 5, kisha kaboni ya pili ya mikroni 1, halafu utando, halafu DI. Pampu wengi huifunga baada ya filta ya tope ili mchanga usiipasue diaframu, na hapo inakaa vizuri. Kila kopo liwe la inchi 10 la kawaida, lenye kipenyo cha filta cha inchi 2.5. Hilo lisisitize dukani. Mashine zenye filta za umbo la pekee, zinazozungushwa na kutupwa zikiwa na kopo lake, zinapendeza, lakini filta ya badala itakusumbua kuipata Dodoma, na hata Kariakoo utazunguka. Za inchi 10 zipo kila duka la filta za maji. Utando nao uwe wa kipimo cha kawaida, 1812 au 2012, vinaingia kopo lile lile.

Kwa nini kaboni mbili? Utando wa kisasa unaharibiwa na klorini, na uharibifu huo haurudi nyuma. Maji yaliyokaa siku mbili kwenye simtanki huwa na klorini kidogo, ila siku ya mgao yanaingia mapya, na mara nyingine yametiwa dawa zaidi baada ya matengenezo ya bomba. Kaboni ya kwanza inakula klorini, ya pili inalinda ikichoka ya kwanza. Epuka ile ya chembe zinazochezacheza ndani ya kopo. Ya kipande kigumu ndiyo inayogusana na maji yote.

Filta ya tope usiidharau pia. Maji yakirudi baada ya mgao, dakika za kwanza huja na kutu na udongo. Funga koki ya kuingia simtanki, acha maji yapite nje hadi yawe meupe, ndipo ujaze. Ukilifanya hilo, filta ya tope itadumu miezi minne hadi sita. Usipolifanya, inaweza kuziba ndani ya wiki chache, presha ishuke kwenye geji, na uanze kuushuku utando usio na kosa.

Kwa nini galoni 75 na si 100 au 150? Galoni 75 ni lita 284 kwa siku, kama lita 12 kwa saa presha ikiwa sawa. Wewe unahitaji lita 25 hadi 30 kwa wiki. Saa tatu zinatosha. Tando nyingi za galoni 100 na kuendelea huzuia madini kidogo kuliko za 50 na 75, na kila asilimia moja inayopungua inakwenda kuliwa na rezini, ambayo ndiyo kitu ghali na kigumu kupatikana hapo ulipo. Ukikuta ya galoni 50 ichukue bila wasiwasi. Kumbuka baridi vilevile: kila nyuzi moja chini ya 25 inapunguza uzalishaji kwa takriban asilimia 3. Asubuhi ya Julai, maji ya simtanki yakiwa nyuzi 16, utapata kama robo tatu tu ya kiwango. Endesha mashine mchana.

Kila utando una kizuizi chake cha maji ya kumwaga, kijibomba kidogo kinachobana njia ili presha ibaki ndani. Kwa maji magumu kama ya Dodoma uwiano uwe lita 4 za kumwaga kwa lita 1 safi. Utakutana na watu wanaobana hadi mbili kwa moja ili kuokoa maji, na nia yao ni njema, lakini chokaa inajikusanya juu ya utando na kuugandisha ndani ya miezi. Pima mwenyewe kwa jagi: utando wa galoni 75 ukitoa mililita 200 kwa dakika upande safi, upande wa kumwaga utoe karibu mililita 800. Kizuizi cha galoni 50 kwenye utando wa 75 kinabana kupita kiasi. Nunua pia koki ya kusuuzia inayopita pembeni ya kizuizi, na uifungue dakika 3 mwanzoni na dakika 3 mwishoni kila unapotengeneza maji.

Hayo maji ya kumwaga usiyamwage. Kwa uwiano wa nne kwa moja, maji ya TDS 700 yanatoka kama 870. Yamezidi robo tu. Yanafaa kupigia deki, kusuuzia choo, kufulia nguo za kazi. Kwa mwarobaini uani hayana neno. Kwa mzabibu na miche ya mboga yachanganye na mengine au uyaepuke, kwa sababu chumvi hujikusanya kwenye udongo mkavu usiosuuzwa na mvua. Lita 400 kwa mwezi kwenye mji wa mgao ni maji mengi, weka pipa chini ya mpira huo tangu siku ya kwanza.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawaligusi. Maji ya visima virefu mara nyingi huwa na hewa ukaa iliyoyeyuka. Utando unazuia chumvi, hauzuii gesi. Hewa ukaa inapita moja kwa moja, kipima TDS hakiioni vizuri, na ikifika kwenye rezini inageuka bikaboneti na kushibisha ule upande wa rezini unaokamata ayoni hasi. Matokeo yake mtu ananunua kopo la DI, linakufa katikati ya muda uliotarajiwa, na anadhani amepigwa. Jipime hivi: chota maji ya bomba siku yanapoingia, pima pH (kiwango cha asidi) papo hapo, kisha weka kwenye ndoo yenye pampu ndogo ya hewa na jiwe lake la mapovu kwa saa 24, pima tena. pH ikipanda kwa 0.5 au zaidi, una hewa ukaa ya kutosha kula rezini.

Dawa yake ni rahisi. Usiunganishe DI moja kwa moja na utando. Acha maji ya RO yajae kwenye pipa la lita 60, funika kwa kitambaa safi kuzuia vumbi, weka jiwe la mapovu usiku kucha, halafu kesho yake yasukume kwa kipampu kidogo kupitia kopo la DI polepole, mililita 200 hadi 300 kwa dakika. Kama simtanki lako hukaa na maji siku tatu nne, sehemu ya gesi imeshatoka, na huenda usihitaji hatua hii. Kipimo cha ndoo ndicho kitakachokuambia.

Rezini iwe ya mchanganyiko wa ayoni chanya na hasi, ile ya akwariamu au maabara. Angalia sana hapa: kwenye maduka ya vifaa vya visima kuna rezini ya kulainisha maji, chembe za rangi ya kahawia ya asali, bei nafuu. Hiyo inatoa kalsiamu na kurudisha sodiamu. Naitreti na silika haivigusi. Muuzaji akikuambia "rezini ni rezini", ondoka. Yako ihifadhi kwenye mfuko uliofungwa, mbali na jua, na isikauke. Kopo lisimame wima na maji yaingilie chini yatokee juu, la sivyo yanajitafutia njia moja ya mkato na nusu ya rezini haifanyi kazi. Rezini ya kubadilika rangi inasaidia macho, lakini mwamini zaidi kipima TDS. Kikionyesha 1 au 2 baada ya DI, badilisha. Usingoje 10. Rezini inapokaribia kushiba huachia kwanza vile ilivyovishika kwa ulegevu, na silika ni mojawapo. Silika haionekani kwenye kipima TDS, lakini mwani wa kahawia unaiona. Ukiweza, funga makopo mawili mfululizo: la kwanza likichoka, la pili linahamia nafasi yake na jipya linakaa nyuma. Hapo hupotezi hata chembe.

Siku ya kufunga, kaboni mpya isuuze peke yake hadi maji meusi yaishe, ndipo uunganishe na utando. Vumbi la kaboni likiingia kwenye utando halitoki. Utando unaingizwa kwa upande wenye oringi (pete za mpira) mbili ndogo kuelekea ndani, na usukume hadi uhisi umekaa. Oringi isipokaa, maji ya bomba yanavuja kuingia upande safi, na kipima kitasoma 200 au 300 kwenye mashine mpya kabisa. Hilo ndilo kosa la kwanza la kutafuta namba zikikataa. Utando mpya una dawa ya kuhifadhia, kwa hiyo mwaga maji yote ya saa moja ya kwanza, pande zote mbili, bila kuyapitisha kwenye DI.

Kisha andika namba tatu: kabla ya mashine, baada ya utando, baada ya DI. Ukitoa ya pili kwenye ya kwanza, ukagawa kwa ya kwanza, ukazidisha kwa 100, umepata uwezo wa utando. Kutoka 700 hadi 20 ni asilimia 97, safi. Ikishuka chini ya 94 wakati presha na oringi viko sawa, andaa pesa ya utando mwingine. Usipime dakika ya kwanza. Mashine ikisimama, madini hupenya taratibu kwenye utando, na maji ya mwanzo husoma juu sana. Mwaga dakika 3 za kwanza kwenye pipa la deki. Kwa sababu hiyo hiyo, usifunge mashine moja kwa moja kwenye tangi na boya ili ijiongezee yenyewe. Itawaka na kuzimika mara ishirini kwa siku, kila mara ikitoa yale maji mabaya ya mwanzo, na boya likikwama utaamka sebule imefurika na chumvi ya tangi imeshuka hadi kuua kamba. Tengeneza lita 30 mara moja kwa wiki, hifadhi, ongeza kutoka kwenye akiba.

Akiba iwe kwenye dumu la plastiki la chakula ambalo halijawahi kubeba mafuta, sabuni wala dawa ya shamba. Kuanzia kwenye utando kwenda mbele usitumie koki ya shaba wala kiungo cha mabati: maji matupu hula chuma, na shaba kidogo tu inaua kamba na konokono. Kuchanganya chumvi, tangulia maji kwenye ndoo, washa kipampu, ongeza chumvi kidogo kidogo, gramu 35 hadi 38 kwa lita kufuatana na pakiti, uache izunguke hadi siku moja kwenye nyuzi 25. Ukimwagia maji juu ya chumvi, kalsiamu inaganda na kukuachia maji ya maziwa. Lengo ni uzito wa 1.025 hadi 1.026 ukilinganisha na maji matupu.

Umetaja uwezo kuwa mdogo, kwa hiyo nikuonyeshe pa kubania. Bania kwenye urembo: fremu, kioo cha namba za kidijitali, kitangi cha presha, taa ya UV. Usibanie pampu, geji wala rezini. Na kuna akiba moja kubwa ya bure, mvua. Dodoma hupata mvua yake kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 20, ni lita 1,000 kwa hesabu, kwa kweli kama 800. Maji hayo yana TDS ndogo sana, ila yamebeba vumbi, kinyesi cha ndege na zinki ya bati, hivyo usiyatie tangini moja kwa moja. Acha dakika kumi za kwanza za mvua ziende nje, kinga yanayofuata kwenye simtanki la pembeni lenye kivuli, kisha yapitishe kwenye mashine ile ile. Kwa miezi hiyo minne mitano utando utapumzika na chokaa, na rezini itadumu mara kadhaa zaidi. Ningekuwa na nafasi ya simtanki la pili, hapo ndipo ningeweka pesa.

Siku mashine imeharibika na wiki haijaisha, tumia maji ya kunywa ya dumu yenye TDS chini ya 50 kwenye kipima chako, bila kujali lebo inasemaje, kwa kuongezea tu. Maji ya betri nayo watu hutumia, lakini chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi ya betri zinafanana na hukaa rafu moja. Siyashauri kwenye nyumba yenye watoto.

Kuhusu tangi lilivyo sasa: usilibadilishe maji yote kwa mara moja. Matumbawe yamezoea hayo maji, mshtuko utayaumiza kuliko naitreti. Badilisha lita 11, kama asilimia 15, kila baada ya siku tatu kwa maji mapya ya RO na DI, na lita 2 za kila siku ziwe za RO na DI bila chumvi. Kutoka 80, baada ya mara tano utakuwa karibu na 35, baada ya mara kumi karibu na 16, ukilisha kwa kiasi. Mwani wa nyuzi ung'oe kwa mkono kila unapobadilisha maji, ndani ya yale maji unayoyatoa. Wa kahawia utachelewa zaidi, kwa sababu silika iliyokwisha kuingia inabaki hadi itumike au itolewe na mabadiliko ya maji. Ikifika wiki ya nane na bado unatanda upya kila siku mbili, pima DI yako kwanza, kisha angalia mchanga uliowekwa chini ya tangi.